Vitu vya Chungu

Nilishuka Kyavinyonge kutafuta samaki, nikarudi nikiwaza chumvi. Samaki niliwapata, kapu zima, na majirani zangu wa Butembo ni mashahidi, kwa kuwa waliwanusa kabla sijafungua mlango. Lakini samaki huliwa wakaisha. Kilichobaki kunisumbua ni duka dogo la mbao lililo nyuma kidogo ya ufuo, ambalo mpita njia mwenye haraka angelidhani ni banda la kuku.

Kwa mtu mwenye akili timamu, safari ya Kyavinyonge ni ya kwenda na kurudi siku ile ile. Tangu Mei 2021 Kivu ya Kaskazini iko chini ya utawala wa kijeshi, na hata kabla ya hapo tulikwisha kujifunza wenyewe kwamba jua likizama barabara haina mwenyewe. Sitaendelea na habari hizo. Msomaji wa kwetu anazijua kuliko mimi, na msomaji wa mbali, naogopa, amezichoka. Niseme tu kwamba niliondoka saa kumi na moja alfajiri nyuma ya pikipiki ya motari mmoja kijana, kwa njia ya Kyondo, nikiwa nimevaa makoti mawili.

Butembo yenyewe iko juu, mita 1,700 na ushei kutoka usawa wa bahari, na njia hiyo hukupandisha kwanza kwenye baridi kubwa zaidi kabla haijakutupa bondeni. Ikapita mikaratusi, ukapita ukungu, yakapita mashamba ya viazi na maharagwe yaliyobandikwa kwenye miteremko kama viraka vya suruali. Tuliwapita akina mama wakishuka kwa miguu na mizigo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso kama ilivyo desturi yetu, na katika mizigo ile niliona majani ya vitunguu yakichungulia. Sikuyatilia maanani. Vitunguu vile nilikuja kukutana navyo baadaye.

Halafu mlima unakatika. Uko kwenye kona moja unatetemeka, kona ya pili unaona chini yako tambarare ya nyasi za manjano, na mbele yake maji mpaka macho yanashindwa. Ziwa liko kwenye mita 912. Masikio yangu yakaziba, koti la kwanza likatoka, na kabla hatujafika chini la pili nikalifunga kiunoni. Ziwa lenyewe limebatizwa hadi limechoka: Stanley alilipa jina la mtoto wa malkia wa Uingereza, Idi Amin mwaka 1973 akalipa jina lake mwenyewe, na alipofukuzwa mwaka 1979 likarudishiwa la Mwingereza. Wavuvi huliita ziwa.

Nilipofika mitumbwi ilikuwa imekwisha kurudi. Tilapia walimwagwa juu ya turubai, kambare wakawekwa kando kama wageni wasiotazamwa usoni, na korongo wakubwa wenye vipara walisimama katikati ya wachuuzi wakingoja matumbo, kwa subira ambayo sijaiona hata kwa watu wa benki. Mchangani palikuwa na nyayo za kiboko aliyepita usiku kati ya nyumba mbili. Wazee wanasema zamani ilikuwa shida kupata mahali pa kupitisha mtumbwi kwa wingi wao. Katika miaka ya 1970 upande wetu ulikuwa na viboko zaidi ya 20,000, na vita viliwapunguza hadi chini ya 1,000. Mvuvi atakueleza hesabu hiyo kwa njia nyingine: kinyesi cha kiboko kilikuwa chakula cha ziwa, na ziwa lisipokula, samaki hawali.

Mama aliyeninunulia samaki na kuwapanga juu ya wavu wa moshi akaniambia nirudi saa sita. Moshi, akasema, haukimbizwi. Jua lilikuwa limekwisha kuchukua ufuo wote. Nikaingia katika lile banda kutafuta kivuli.

Nje, Kyavinyonge nzima inanuka samaki: wabichi, waliokauka, wa jana, wa juzi. Hatua moja ndani ya kizingiti, samaki wakaisha. Sijui niseme nini kilichochukua nafasi yao, maana pua haikupata kitu kimoja cha kushika. Tangawizi ilikuja kwanza, kisha kitunguu saumu, kisha kitu kitamu kilichofanana na kanisa siku ya harusi. Duka lilikuwa hatua nne kwa tatu. Rafu zilipangwa makopo ya maziwa ya unga na chupa zilizokuwa za mayonezi, kila moja na kipande cha plasta na jina lililoandikwa kwa kalamu ya wino. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo aliyekaa kwenye kigoda, akichambua pilipili ndogo nyekundu juu ya ungo, akitoa vikonyo kwa ukucha.

“Papa, uko natafuta nini?”

Nikasema sabuni, kwa sababu niliona haya kusema kivuli.

“Sabuni iko kwa jirani. Hapa ni vitu vya chungu tu.”

Nilidhani anatania. Nikauliza sukari: kwa jirani. Mishumaa: kwa jirani. Petroli ya taa: akacheka, akasema anayeuza petroli na chumvi chumba kimoja, siku moja watu wake watakula petroli. Katika miji yetu ya Kivu duka ni mahali pa kila kitu, msumari ukilala juu ya mkate, na mwenye kuuza kitu kimoja huonekana ama amefilisika ama ana siri. Huyu alikuwa amechagua. Vitu vya chungu, basi.

Nina ndugu waliokwenda Unguja wakarudi na hadithi za mashamba ya viungo: unatembezwa chini ya mikarafuu, kijana anakwangua gamba la mdalasini mbele ya pua yako, mwisho unavishwa kofia ya makuti na kupigwa picha. Ni jambo zuri na sina ugomvi nalo. Lakini pale unaonyeshwa kiungo kinapoota. Kyavinyonge hakuoti kitu. Hii ni moja ya stesheni tatu za uvuvi zinazotambuliwa upande wetu wa ziwa, pamoja na Vitshumbi na Nyakakoma, na zote tatu ziko ndani ya hifadhi iliyoundwa na Wabelgiji mwaka 1925, ile tunayoiita Virunga. Kuvua kuna ruhusa, kulima hakuna. Kwa sheria, mwenye nyumba ya Kyavinyonge hana haki ya kupanda mche mmoja wa pilipili nyuma ya jiko lake. Maelfu ya watu wamekaa juu ya chakula, na hawana cha kukitilia.

Ndiyo sababu ya wale akina mama wa njiani. Vitunguu nilivyoviona asubuhi chini ya kamba na paji la uso vilikuwa vinakuja hapa, au kwenye duka la namna hii. Tangawizi inatoka milimani, kitunguu saumu kinatoka milimani, pilipili pia. Mama alikuwa anawafahamu wachukuzi wake mmoja mmoja, na kwa kunusa tu alidai anajua tangawizi ya bonde lipi imeona mvua nyingi. Nilimwamini nusu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kila kitu kizuri nikikutana nacho huishia kwenye neno. Mke wangu hulalamika. Neno lililonijia pale ni “kiungo”. Kwetu hatulitumii sana jikoni. Nililisoma vitabuni kwanza, na rafiki mmoja wa Mombasa ndiye aliyenifundisha kulisikia: goti ni kiungo, kifundo cha mkono ni kiungo, na bizari pia ni kiungo. Pwani, akaniambia, mchuzi haupikwi tu, unaungwa. Na samaki aliyechemshwa kwa maji matupu, bila cha kumuunga, ni samaki wa chukuchuku. Nilifurahi sana na neno hilo, chukuchuku, nikalipeleka darasani, na kwa muhula mzima wanafunzi wakaita kila kitu kibaya chukuchuku, pamoja na mtihani wangu.

Lakini dukani nikaliona neno jingine, lile la kuunga, kwa namna ambayo kamusi haikunionyesha. Kopo hili limetoka mlimani, kopo lile ng'ambo ya maji, lile la juu limevuka bahari mbili kabla ya kupakiwa lori Mombasa. Kitu pekee cha hapa ni samaki. Akiliwa peke yake, Kyavinyonge iko peke yake.

Na ng'ambo ya maji ndiko ilikotoka chumvi.

Alikuwa na chumvi za namna tatu. Ya kwanza ilikuwa ya sashe, nyeupe, laini, yenye iodi, ambayo kila mganga wa kliniki za mama na mtoto atakuhimiza uitumie, na anasema kweli: sisi watu wa milima, mbali na bahari, shingo za bibi zetu zilionyesha vya kutosha maana ya kukosa iodi. Ya pili ilikuwa ya punje, ya rangi ya maji ya mchele, ndani ya ndoo. Ya tatu ilikuwa mabonge, ya kijivu yenye mistari myekundu kama matofali, yamelala chini kwenye gunia kama mawe ya kujengea.

“Hizi mbili ni munyu ya Katwe,” akasema. “Kwanza onja, kisha utauliza bei.”

Nilionja. Chumvi ya sashe hukupiga palepale ulimi unapoigusa, ikamaliza kazi. Ya Katwe ilichelewa. Ilianza kwa upole, ikaja juu, na nyuma yake ukafuata uchungu mwembamba, kama mtu aliyekuja na ndugu yake ambaye hakualikwa. Nikamwambia mama kwamba kumbe vitu vya chungu ni vichungu kweli. Hakucheka. Mzaha wa walimu haufiki mbali.

Katwe iko Uganda, upande wa kaskazini-mashariki ya ziwa hili hili. Ni kreta ya volkano iliyokufa, na ndani yake kuna ziwa dogo lisilo na mto wa kutokea, limetenganishwa na ziwa kubwa kwa ukingo mwembamba wa ardhi ambao mtu anauvuka kwa miguu kabla hajamaliza wimbo. Upande huu wa ukingo samaki wanaishi; upande ule hakuna samaki anayeweza kuishi. Watu wamechimba vidimbwi pembeni, kila familia na vyake, wakaviwekea kuta za udongo na magogo, na jua la kiangazi ndilo fundi: maji yanapanda hewani, chumvi inabaki, inaparuzwa. Hiyo ndiyo ya punje. Yale mabonge huvunjwa na wanaume kutoka sakafu ya ziwa kwa mitaimbo, wamesimama ndani ya maji yanayokula ngozi. Mvua ikinyesha vibaya, kazi ya wiki inayeyuka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Uganda ilijengewa kiwanda kikubwa kando ya ziwa hilo kwa msaada wa Wajerumani. Maji yale yale yakala mabomba, kiwanda kikafa, na magofu yake yanasimama mpaka leo huku mwanamke mwenye karai akiendelea na kazi aliyoachiwa na bibi yake. Nakiri kwamba habari hii hunipa furaha ambayo mtu mzima hapaswi kuwa nayo.

Mahali penye chumvi, wafalme hawalali. Kabalega wa Bunyoro aliishika Katwe kwa mikuki, na mwaka 1891 Mwingereza Lugard akaja na askari wake, akawafukuza watu wa Kabalega, akajenga ngome, akijua vizuri kwamba anayekaa pale anakaa juu ya kila chungu cha nchi hii. Mwaka 1910 wajumbe wakakutana Brussels, Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani, wakachora mipaka, na mstari wa Waingereza na Wabelgiji ukakata ziwa vipande viwili. Samaki wengi wakabaki kwetu, chumvi yote ikabaki kwao. Watu pia wakakatwa: upande ule wanaitwa Wakonzo, upande huu Wayira au Wanande, na wakikaa pamoja dakika tano hawahitaji mkalimani. Chumvi wote wanaiita omunyu. Nilipokuwa mtoto nilidhani “munyu” ni kosa letu sisi watu wa bara, tunaochanganya Kiyira na Kiswahili, mpaka nilipofungua kamusi nikalikuta limo, limekaa pale kwa heshima, mzee kimya pembeni ya “chumvi”.

Kabla ya mstari huo, babu zetu walishuka na maharagwe na ndizi kutoka milimani, wakapanda na chumvi. Baba yake mama yangu alikuwa mmoja wao, au tuseme wa mwisho wao, maana alipokuwa kijana tayari kulikuwa na kibali cha kuomba na ushuru wa kukwepa. Mama anakumbuka furushi lililofungwa kwa majani makavu ya mgomba, linaning'inia juu ya moto ili lisinyonye unyevu, na watoto wamekatazwa kulitazama kwa muda mrefu. Kulitazama! Huko msituni, upande wa magharibi, waliokuwa mbali na Katwe walichoma majani ya mabwawa na kuchuja majivu yake wapate kitu cha kufanana na chumvi. Aliyeonja ya majivu anajua kwa nini watu walitembea siku nyingi kufuata hii.

Nilimuuliza mama wa duka: sasa inafika kwa njia gani? Inapita Kasindi, kwenye forodha, au inapita majini?

“Munyu iko na njia yake,” akajibu, akaendelea kuchambua pilipili.

Sikurudia swali. Katika ziwa hili wavuvi wetu hukamatwa na wanajeshi wa majini wa Uganda kwa kuvuka mstari ambao hakuna aliyeuona juu ya maji, na mwezi wa Julai 2018 majeshi ya nchi mbili yalipigana risasi hapo hapo. Mtu hana ruhusa ya kupita. Bonge la chumvi ninaliona kwa macho yangu, limepita.

Wateja wakaingia. Mwanamke mmoja alitaka ya punje, makopo sita, kwa ajili ya samaki aliowapasua asubuhi, na nikapata somo bila kulipa. Samaki wa chumvi hupasuliwa mgongoni, akafunguliwa kama kitabu, akatolewa matumbo, kisha chumvi inasuguliwa ndani ya mashavu na kando ya mfupa, pale ambapo kuoza huanzia. Anapangwa ndani ya beseni tabaka kwa tabaka, anaachwa atoe maji yake mwenyewe, halafu jua. Chumvi ya sashe, wakaniambia wote wawili kwa sauti moja, ni ya mezani. Inakimbilia juu ya ngozi tu. Ya Katwe inaingia polepole. Sijui kama mkemia angekubali. Wao wamepoteza samaki wa kutosha kujua wanachosema.

Yule mwanamke hakulipa fedha. Mwenye duka alitoa daftari la shule, akatafuta ukurasa, akachora vijiti sita vya kusimama, akaufunga. Kurasa zilikuwa zimejaa vijiti, vingine vimekatwa kwa mstari, vingine bado. Hakukuwa na majina: palikuwa na alama, samaki kwa huyu, jua kwa yule, jembe kwa mwingine.

Nikashindwa kujizuia. Si mbali kutoka hapo, mahali mto Semliki unapotoka ziwani, panaitwa Ishango, na mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua pale mfupa mdogo, mrefu kama kidole kirefu, wenye safu tatu za mikato iliyopangwa. Una umri wa miaka kama 20,000. Uko Brussels, mjini mle mle mlimochorwa mstari wa ziwa, na wataalamu wanabishana mpaka leo: wengine wanasema ni hesabu, wengine kalenda ya mwezi, wengine kwamba ilikatwa tu ili mkono usiteleze. Nikamweleza yote hayo kwa maneno mepesi, nikionyesha daftari lake, nikisema kwamba hapa hapa, kando ya ziwa hili, watu waliokula kambare kama yeye walichora vijiti kama vyake.

Alinisikiliza vizuri. Kisha akauliza, “Na mwenye deni alilipa?”

Tangu siku hiyo nimesoma tena maelezo kadhaa ya mfupa wa Ishango, na sijakuta swali lililo bora kuliko hilo.

Juu ya rafu palikuwa na makopo yaliyotoka mbali zaidi. Pilipili manga. Kungumanga. Karafuu kidogo, kwa chai ya wagonjwa. Manga ni Uarabuni, hilo kila mwanafunzi wangu analijua, lakini wachache hujiuliza kwa nini pilipili ile nyekundu ya ungo, ambayo asili yake ni Amerika na ililetwa Afrika na Wareno, imebeba jina la ile nyeusi iliyotutangulia kutoka Asia. Mgeni alifika, akakuta jina limetundikwa ukutani, akalivaa. Mwenye jina halisi sasa hana budi kuongeza “manga” ili ajulikane. Mambo haya hutokea, na si kwa pilipili tu.

Lugha yangu pia ilikuja kwa njia hiyo ya pwani, na ni heri niseme ilikuja ikiwa na nini mkononi. Mwaka 1887 Stanley alipokuwa anakufa njaa msituni Ituri alikuta kambi ya Kilonga-Longa, watu wa Manyema waliokuwa wakitafuta pembe za ndovu na kukamata watu, na walikuwa wakizungumza Kiswahili. Wakubwa wa biashara hiyo, Tippu Tip akiwa wa kwanza, walikuwa na mashamba ya karafuu Unguja, yakihudumiwa na watumwa. Kwa hiyo Kiswahili kilifika kwetu kabla ya karafuu, na karafuu ilichumwa na watu waliotoka kwetu kabla sisi hatujaionja. Nilipoichukua moja kutoka kwenye kopo na kuitafuna, nilikumbuka hayo, na bado ilikuwa tamu. Sijui nifanye nini na mambo haya mawili; nimeyaacha yakae pamoja.

Ile harufu ya kanisa na harusi nilikuwa sijaipata bado. Nikamuuliza. Akainuka, akashusha kutoka rafu ya juu kabisa chupa ndogo ya kioo, ya dawa ya kikohozi nadhani, na ndani yake maganda matatu meusi, membamba, yamejikunja kama kamba za viatu. Vanila. Ya kaka yake, akasema, upande wa Beni.

Tunailima, ndiyo. Ni mmea wa Meksiko ambao huku kwetu hauna nyuki wa kuuzalisha, hivyo kila ua lazima lifunguliwe kwa mkono asubuhi ya siku ile moja linapochanua, kwa kijiti kidogo. Aliyegundua namna hiyo ni mtoto wa miaka 12, mtumwa katika kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, mwaka 1841. Ulimwengu mzima unakula aiskrimu yake. Karibu mwaka 2018 kilo moja katika soko la dunia ilipita dola 500, na nakumbuka watu wa kwetu walivyolala mashambani kulinda maganda, na wengine walivyoyachuma mabichi kwa hofu ya wezi. Kisha bei ikaanguka. Katika siku zile zote za dola sijapata kukutana na mkulima hata mmoja aliyeitia vanila katika kitu alichokula. Ilivuka Kasindi kwenda mashariki, usiku au mchana, na nyingine ilifika Ulaya ikiwa na uraia wa Uganda.

“Hii hauuzi?” nikauliza.

“Nani atainunua? Ni ya kunusa.”

Akaeleza: watoto wanaotumwa Maggi moja, wakiisha kulipa, wanaomba chupa. Anawafungulia, kila mmoja mara moja, halafu anafunga haraka ili isiishe. Hawajui ni nini. Mmoja ameamua ni harufu ya Goma. Nami nikanusa, mara moja kama wengine, na nikarudishiwa zamu yangu mwishoni mwa foleni, ambayo ilikuwa mimi peke yangu.

Nilinunua tangawizi, pilipili, na kopo moja la Katwe ya punje. Nilipoinama kuchukua bonge kutoka kwenye gunia aliniuliza ni la nani. Nikasema ni la mama yangu, ambaye ni mzee na aliniagiza.

“Yuko na presha?”

Nikakubali kwamba daktari amemkataza chumvi kabisa.

Akanipokonya bonge. Akatafuta gunia zima mpaka akapata jingine, dogo kama jicho la mbuzi, akalifunga kwenye kipande cha jani la mgomba, akalitia mfukoni mwangu kwa mkono wake. Hakutaka fedha yake. Nikasema wasingya, yaani asante, naye akasema nisalimie mama.

Moshi ulikuwa umemaliza kazi. Tukapanda na samaki wamefungwa nyuma yangu, motari akiimba, mimi nikivaa koti moja kisha la pili kadiri hewa ilivyopoa. Katika mteremko mmoja tuliwakuta akina mama wa asubuhi, au wenzao, wakipanda sasa. Mizigo ilikuwa myepesi zaidi, nayo ilinuka.

Mama alikuwa barazani aliponiona. Alifungua lile jani juu ya goti, akalitazama bonge kwa muda mrefu kuliko alivyoruhusiwa utotoni. Akaligusa kwa ncha ya ulimi, mara moja tu, akafumba macho. Kisha akalifunga tena, akaniamuru nilipandishe juu ya kabati, nyuma ya sanduku, mahali ambapo mkono wake haufiki.

“Samaki wako wapi?” akauliza.